Clausthal-Zellerfeld: mji wa milimani Ujerumani, kiisha madini kwisha

Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili na kufika kwenye kituo cha afya, ikuwe Bukavu, Bunia ao Kalemie, muganga anamuomba makohozi juu ya kupima BK. Herufi hizo mbili zinatoka katika Kifaransa, na maana yake ni kijidudu cha Koch, kile kinaleta kifua kikuu. Koch ni jina la mtu. Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa wachimbaji wa madini, juu ya milima yenye misitu, katikati ya Ujerumani. Wakati ile mji uliitwa Clausthal. Leo unaitwa Clausthal-Zellerfeld.

Migodi ya mji huo ilifungwa mwaka 1930. Wakaaji hawakukimbia wote. Habari hii inaeleza namna mji ulijengwa na madini, namna milima yake ilimalizwa miti, na ni vitu gani vilibaki wakati hakuna tena kitu cha kuchimba.

Unapatikana wapi

Clausthal-Zellerfeld iko katika jimbo la Niedersachsen, wilaya ya Goslar, juu ya milima inayoitwa Harz. Milima hiyo inasimama peke yake, na upande wa kaskazini kunaanza nchi ya tambarare yenye mashamba makubwa ya ngano. Kwa mtu wa Kivu, si milima mirefu. Mlima mkubwa kupita yote, Brocken, una mita 1,141, wakati maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako kwenye mita 1,460 hivi. Mji uko chini zaidi, karibu mita 560 na kupanda. Lakini baridi ya pale ni ingine. Wakati wa majira ya baridi teluji inafunika nyumba na barabara, na juu ya Brocken ukungu unakaa siku nyingi za mwaka.

Mji una wakaaji karibu 15,000. Treni ilikuwa inafika zamani, lakini reli ilifungwa katika miaka ya 1970. Sasa mtu anashuka treni Goslar na kupanda basi, mwendo wa kilometa karibu 20 za kona na miteremko.

Miji miwili, watawala wawili

Jina refu la mji linaonyesha historia yake. Clausthal ilikuwa upande mmoja wa bonde na Zellerfeld upande mwingine. Katikati kulipita kijito kidogo, Zellbach, na kijito hicho kilikuwa mpaka, maana kila mji ulikuwa chini ya mtawala wake. Watu walikuwa wanaonana dirisha kwa dirisha, lakini kila upande ulikuwa na sheria yake na migodi yake. Miji hiyo iliunganishwa tu mwaka 1924. Mwaka 2015 vijiji vya karibu, Altenau, Schulenberg na Wildemann, vikaingizwa pia.

Moto uliunguza pande zote mbili zaidi ya mara moja. Zellerfeld iliungua mwaka 1672 na ikajengwa upya na barabara za kunyooka, zinazokutana sawa vile mistari ya daftari la hesabu. Upande wa Clausthal, kanisa lilipoungua, wakaaji walijenga ingine ya mbao tupu na kuimaliza mwaka 1642, katikati ya vita ya miaka 30 iliyoharibu Ujerumani. Kanisa hilo lingali linasimama, na ni kati ya makanisa makubwa ya mbao katika Ulaya nzima. Ndani kunakaa watu zaidi ya 2,000.

Nyumba nyingi za mji ni za mbao pia, na kuta zimefunikwa mbao ao vipande vya jiwe jeusi juu ya kuzuia mvua na upepo. Miti ilikuwa karibu, na wachimbaji walikuwa na haki ya kuipata.

Uhuru wa wachimbaji, na bei ya mtawala

Watu walichimba Harz tangu zamani sana, lakini karibu mwaka 1350 tauni iliua watu wengi na milima ikabaki kimya. Katika miaka ya 1500 watawala walitaka fedha, ile ya pete na sarafu. Walihitaji wachimbaji. Basi wakatoa barua za kuita watu: atakayekuja kuchimba hatalipa kodi, hataitwa jeshini, atapata mbao za kujenga, na soko litakuwa lake. Wachimbaji wakatoka milima ya Saksonia, mashariki, pamoja na bibi na watoto. Walileta hata lugha yao, na wazee wachache wangali wanaisema hadi leo.

Lakini barua hizo zilikuwa na upande wa pili. Fedha iliyotoka chini ilipaswa kuuzwa kwa mtawala, na kwa bei yake yeye. Sarafu zilipigwa palepale Clausthal, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1849. Utajiri ulishuka bondeni. Mchimbaji alibaki na mshahara mdogo, na jamaa zikatafuta kitu cha kuongezea. Katika mji wa jirani, St. Andreasberg, wachimbaji walifuga ndege wadogo wa kuimba, kanari, ndani ya nyumba zao. Wafanyabiashara waliwabeba hadi Urusi na Marekani.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Vijana wanaume walianza wakiwa na miaka kama 10, si chini ya shimo lakini juu, kwenye nyumba za kuponda na kuosha mawe, siku nzima ndani ya maji ya baridi. Waliokua walishuka kwa ngazi za miti. Shimo likifika mita mia kadhaa, kupanda tu kisha kazi kulichukua saa moja ao zaidi. Wengi walichoka mapafu na moyo mbele ya uzee.

Mambo mawili yalipunguza mateso hayo, na yote mawili yalitoka hapo hapo. Mwaka 1833 mtaalamu mmoja wa migodi, Georg Ludwig Dörell, aliweka ndani ya shimo miti miwili mirefu sambamba, moja inapanda wakati ingine inashuka, inasukumwa na gurudumu la maji. Mchimbaji alikuwa anaruka kutoka kidato cha mti mmoja hadi cha mwingine, na hivyo anapandishwa bila ngazi. Mwaka uliofuata, 1834, Wilhelm Albert, mkubwa wa migodi ya Clausthal, alifanya kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa. Mbele ya hapo kamba za katani zilioza na minyororo ilikatika bila kutoa alama. Kamba ya Albert ilionyesha uzi mmoja umekatika mbele kamba nzima iachie. Kamba za chuma za vinyanyuo vya leo, za bandari na za madaraja, ni wajukuu wa kamba hiyo.

Mtoto wa mkubwa wa mgodi

Baba ya Robert Koch alifanya kazi katika usimamizi wa migodi hiyo. Robert alikuwa mmoja kati ya watoto 13. Alisoma shule palepale Clausthal, kiisha akaenda iniversite ya Göttingen mwaka 1862. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kwamba kifua kikuu kinaletwa na kijidudu, na akakionyesha. Hapo njo ilitoka siku ya dunia ya kifua kikuu, kila tarehe 24 Machi. Mwaka 1883 na 1884 alikwenda Misri na India kutafuta kijidudu cha kolera. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel.

Afrika ya Mashariki inamkumbuka kwa jambo lingine pia. Mwaka 1906 na 1907 alikaa kwenye visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, upande wa Uganda, wakati ugonjwa wa malale uliua watu kwa wingi. Alipiga wagonjwa shindano za dawa iliyoitwa Atoxyl, yenye sumu ya arseniki, kwa kipimo kikubwa. Dawa ilituliza ugonjwa kwa muda, lakini wagonjwa fulani wakawa vipofu. Nyumbani kwao Clausthal-Zellerfeld jina lake liko kwenye barabara na kwenye shule.

Mabwawa ya wachimbaji

Mtu anatembea nje ya mji, kila upande anakuta maji: bwawa moja, kiisha lingine, kiisha mfereji mwembamba unaofuata ubavu wa mlima. Mgeni anafikiri Mungu aliumba ziwa nyingi hapo. Lakini karibu zote zilichimbwa na mikono ya watu.

Sababu ni hii. Shimo likishuka sana, maji ya chini ya ardhi yanaingia. Yasipotolewa, mgodi unakufa. Kutoa maji kunaomba nguvu, na wakati ile hakukuwa na moteri. Mtaalamu wa hesabu Leibniz, mwenye sifa Ulaya nzima, alijaribu kati ya 1679 na 1685 kutumia upepo juu ya kusukuma pampu. Upepo wa Harz haukumtii, na kazi ikaachwa. Wachimbaji wakabaki na njia yao: kutumia maji ya mvua juu ya kutoa maji ya shimo. Waliyakusanya ndani ya mabwawa, wakayapeleka kwa mifereji hadi kwenye magurudumu ya miti, mengine yenye upana wa mita 10, na magurudumu yakazungusha pampu.

Kuta za mabwawa zilikuwa za udongo, na walizifunga na vipande vya majani vilivyokatwa pamoja na mizizi na udongo wake, wakavipanga sawa matofali. Nyingi hazivuji hadi leo. Baraji kubwa kupita zote, Oderteich, ilijengwa kati ya 1715 na 1722, ukuta wa mawe na mchanga wa granite. Zaidi ya miaka 150 hakukuwa na baraji kubwa kuishinda Ujerumani nzima. Kati ya 1732 na 1734 walipandisha tuta refu, Sperberhaier Damm, karibu kilometa moja, juu ya kupitisha mfereji mmoja juu ya bonde. Mifereji yote pamoja ilifika mamia ya kilometa.

Maji yaliyokwisha kutumika yalitolewa kwa mashimo marefu yaliyolazwa chini ya milima. La mwisho lilimalizwa mwaka 1864 na linapita kilometa 20.

Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliandika kazi hiyo yote kati ya urithi wa dunia, pamoja na mgodi wa Rammelsberg na mji wa Goslar ambavyo viliandikwa tangu 1992.

Msitu uliokatwa mara mbili

Fedha haitoki ndani ya jiwe bila moto, na moto wa wakati ile ulikuwa makala. Kila tanuru la kuyeyushia lilikula makala mchana na usiku. Ongeza mbao za kuzuia mashimo yasibomoke, magurudumu, nyumba, na kuni za baridi. Kwenye michoro ya zamani, milima ya kuzunguka Clausthal inaonekana uchi, na moshi wa tanuru uliua hata majani yaliyobaki.

Pande za chini za Harz zilikuwa zamani na miti ya Buche, yenye majani mapana yanayoanguka wakati wa baridi. Ilipokwisha, wakubwa wa migodi waliogopa kwamba bila miti mgodi nao utafungwa. Tangu miaka ya 1700 wakaanza kupanda. Lakini walichagua mti mmoja tu, Fichte, wenye majani sawa sindano, juu unakua wima, unakua haraka kuliko Buche, na mbao yake ni nzuri kwa kazi ya shimo. Mlima kwa mlima ukafunikwa Fichte, miti ya umri mmoja, imepangwa kwa mistari. Watu wakazoea, wakasema huo njo msitu wa Harz tangu mwanzo.

Adui wa mti huo ni kidudu chenye urefu wa milimita 5 hivi, kinachotoboa ganda na kuweka mayai chini yake. Mti wenye maji ya kutosha unakizamisha ndani ya utomvu. Mti wenye kiu hauna utomvu. Mwishoni mwa miaka ya 1700 vidudu hivyo viliua misitu mikubwa ya Harz. Watu walipanda tena, na walipanda tena Fichte. Kiisha vita ya pili ya dunia miti mingi ilikatwa kulipa deni la vita, na nafasi ikajazwa tena na Fichte.

Januari 2018 tufani iliangusha miti mingi. Mwaka ule mvua ilikosa, na ikakosa tena 2019 na 2020. Vidudu vikaongezeka kizazi juu ya kizazi. Ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya Fichte za Harz ikakauka. Mtu aliyefahamu milima ya kijani mwaka 2017 alirudi na kukuta miti ya kijivu imesimama sawa mifupa. Septemba 2022 moto mkubwa ulishika karibu na Brocken, na ndege za kuzima moto ziliitwa.

Wakaaji hawaelewani juu ya kitu cha kufanya. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Harz, yenye hektari karibu 25,000, miti mingi iliyokufa inaachwa, na kati yake miti midogo ya aina mbalimbali inaota yenyewe. Wengine wanaona huo ni uzembe, na wanaogopa moto. Nje ya hifadhi, Leta na wenye misitu wanakata, wanauza, na kupanda mchanganyiko: Buche na miti mingine ya majani mapana, pamoja na michache ya sindano. Kitu kimoja hakuna anayekibishia sana tena: kupanda mti wa aina moja kila mahali kulikuwa kosa.

Sumu ndani ya udongo

Pamoja na fedha, migodi ilitoa risasi, ile metali nzito inayowekwa ndani ya batri za gari. Kwa miaka mia nyingi moshi wa tanuru uliimwaga juu ya bustani, na mito iliibeba hadi mbali bondeni. Wafanyakazi wa tanuru walipata maumivu makali ya tumbo na kulemaa, na walijua ugonjwa unatoka kwenye moshi.

Moshi ulikwisha, risasi ilibaki. Tangu mwaka 2001 wilaya ya Goslar ina sheria maalumu juu ya udongo. Mtu akichimba msingi wa nyumba, hawezi kubeba udongo na kuumwaga anapotaka. Mahali pa watoto kucheza panaangaliwa. Wenye bustani wanaelezwa mboga gani inavuta sumu zaidi, waoshe vizuri, na watoto wanawe mikono. Kwenye mahali fulani, ambako mabaki ya mawe yalitupwa, kunaota tu majani madogo yenye maua ambayo yanavumilia metali.

Kuna deni lingine la aina hiyo. Wakati wa vita ya pili ya dunia, ndani ya msitu karibu na Clausthal, kulikuwa kiwanda cha vilipuzi kilichoitwa Werk Tanne. Kati ya waliofanya kazi kulikuwa watu wengi walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zingine. Kiwanda kilipigwa bomu mwaka 1944, lakini sumu yake ingali ndani ya udongo, na kusafisha hakujaisha.

Kilichobaki kulisha mji

Mwaka 1930 bei ya metali ilianguka dunia nzima na migodi ya Clausthal ikafungwa. Mgodi wa mwisho wa eneo hilo la juu la Harz, kule Bad Grund, ulifungwa mwaka 1992.

Vitu viwili vilisimamisha mji. Cha kwanza ni shule. Tangu mwaka 1775 Clausthal ilifundisha vijana ufundi wa migodi. Shule hiyo ikakua, na mwaka 1968 ikawa iniversite ya tekniki. Leo inafundisha pia kemia, mashine, nishati, na namna ya kutoa metali ndani ya takataka na mashine za zamani. Wanafunzi wanatoka nchi nyingi, na bila wao maduka mengi na nyumba nyingi za kupangisha zingefungwa.

Cha pili ni maji. Ndani ya mgodi mmoja wa zamani, maji yaliendelea kuzungusha mashine za umeme hadi mwaka 1980. Mabwawa na mifereji vinatunzwa na shirika la maji, Harzwasserwerke, ambalo pia linapeleka maji ya kunywa kutoka baraji kubwa za Harz hadi mji wa Bremen, kwa tiyo zenye urefu wa kilometa karibu 200. Hiyo nayo ilikuwa na bei: baraji ya Oker ilipojengwa katika miaka ya 1950, kijiji cha Schulenberg kilihamishwa juu ya kilima, na cha zamani kiko chini ya maji.

Namna ya kutembea pale

Mgeni anaanza kwenye kanisa la mbao, kiisha anaona mkusanyo wa mawe ya madini katika iniversite. Upande wa Zellerfeld kuna makumbusho ya migodi, na ndani yake mtu anaingia sehemu ya shimo iliyojengwa kwa kuonyesha watu. Kutoka hapo njia za miguu zinafuata mifereji. Ni nyepesi hata kwa wazee, maana mfereji haupandi wala haushuki sana, na vibao vinaeleza kila baraji. Wakati wa joto watu wanaogelea katika mabwawa fulani. Mwenye nguvu anafika Torfhaus, kwenye mita 800, na kutoka pale anatembea kilometa karibu 8 hadi juu ya Brocken. Zamani hangeruhusiwa: mpaka wa Ujerumani mbili ulipita hapo, na kilele kilifungwa kwa raia tangu 1961 hadi tarehe 3 Desemba 1989.

Njiani anapita kati ya miti iliyokufa na vichanga vya Buche vilivyofungiwa uzio juu ya swala wasivile. Mti wa Buche unaomba zaidi ya miaka 100 kuwa mkubwa. Wale waliovipanda wanafahamu kwamba hawatakaa kwenye kivuli chake.